Tenki la mafuta halipumui: jinsi ya kukagua na kupima valvu ya hewa mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho

Chombo kinawaka fresh, kinatembea dakika kumi, ishirini, halafu kinaanza kukosa nguvu, kinakohoa, kinazima. Unakaa kidogo, unapiga tena, kinawaka kama vile hakuna kilichotokea. Wengi hapo wanakimbilia kabureta, wanabadili plagi, wengine wanafika mpaka kwenye koili, kumbe shida yote ni kidude kidogo cha plastiki juu ya tenki ambacho hata hawajui kama kipo. Huu mwongozo ni wa hicho kidude, na unafaa kwa pikipiki, ya matairi matatu, kwadi, kigari cha gofu, trekta dogo la kukatia majani, chochote chenye injini ndogo ya petroli na tenki lake.

Tuanze na sababu, maana ukielewa hapa vipimo vyote vya mbele vinakuwa rahisi. Kila lita ya mafuta inayotoka kwenye tenki lazima lita ya hewa iingie kuchukua nafasi yake. Ni kama dumu la mafuta la mdomo mmoja, ukilipindua linatoa kwa kugugumia, ukilitoboa tundu la pili upande wa juu linamwaga bila shida. Valvu ya hewa ndo hilo tundu la pili, ila lenye akili kidogo: linaruhusu hewa iingie, linaachia presha itoke tenki likipata joto, na kwenye vyombo vingi linajifunga chombo kikipinduka ili mafuta yasimwagike.

Sasa kitu ambacho wengi hawakijui ni jinsi gani kizuizi kidogo tu kinatosha kuzima injini. Kwenye chombo kisicho na pampu mafuta yanashuka kwa uzito wake yenyewe, na safu ya petroli ya sentimita 30 inatoa presha ya kama kilopaskali 2.2 tu, yani psi 0.3 hivi. Maana yake tenki likijinyonya kwa hicho kiasi kidogo basi mafuta yanasimama kabisa, hata kama koki ipo wazi na filta ni mpya. Na ukifanya hesabu utaona kitu kingine: tenki limejaa, nafasi ya hewa iliyobaki juu ni lita 1, valvu imeziba kabisa, utatumia kama mililita 22 tu za mafuta na tayari umefika hapo. Nafasi ya hewa ikiwa lita 10 itabidi utumie kama mililita 220. Ndo maana chombo chenye valvu mbovu mara nyingi kinazima haraka ukishajaza tenki full, halafu likiwa nusu kinatembea muda mrefu, watu wanaanza kusema mafuta ya kituo fulani ni machafu.

Na upande wa pili upo, presha. Ukiegesha juani tenki likatoka nyuzi 20 kwenda 50, hewa peke yake iliyofungiwa humo inapanda kama asilimia 10, ambayo ni kilopaskali 10, na mvuke wa petroli unaongeza juu yake. Pini ya floti kwenye kabureta (kile kisindano kinachofunga mafuta kabureta ikishajaa) imezoea kuzuia kilopaskali mbili au tatu tu, kwahiyo inasukumwa, mafuta yanapita, kabureta inafurika, yanadondoka kwenye mrija wa kumwagia au mabaya zaidi yanaingia kwenye silinda na kushuka kwenye oili. Ukichomoa kijiti cha oili ukakuta imepanda na inanuka petroli usiwashe, mwaga oili kwanza, weka mpya, ndo uendelee na uchunguzi.

Kwenye vyombo vyenye injekta na pampu ndani ya tenki dalili ni tofauti kidogo, pampu ina nguvu ya kuendelea kuvuta kwahiyo injini haizimi haraka. Utasikia pampu inalia zaidi ya kawaida, nguvu inapotea ukipanda mlima au ukivuta mafuta mengi, na tenki la plastiki linaanza kubonyea mbavuni. Tenki limebonyea na hujaligonga popote? Hapo hata usipoteze muda kubahatisha.

Usalama, na hapa naomba usiruke

Petroli inatoa mvuke unaoshika moto hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, na huo mvuke ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini sakafuni mpaka ukutane na moto uliopo mbali, jiko, kichemshia maji, sigara ya mtu anayepita. Kwahiyo fanya kazi nje, injini iwe imepoa kabisa, chomoa waya wa hasi wa betri kabla hujafungua mrija wowote, kizimamoto cha unga kiwe karibu. Dumu la kupokelea mafuta liwe chini, usilishike mkononi wala kuliweka kwenye kiti. Vaa glavu na miwani.

Na usipulize kwa mdomo. Najua mafundi wanafanya na wataendelea kufanya, ila mvuke na matone ya petroli kwenye mapafu sio mchezo, halafu mdomo wako haukuambii ni presha kiasi gani. Kompresa nayo iweke mbali. Tenki lenye ubavu wa sentimita 30 kwa 30 ukiliweka psi 3 tu, huo ubavu unasukumwa kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 180 na zaidi kidogo, bati jembamba halitoboki hapo, linavimba na maungio yanaachia.

Vifaa

Bomba la sindano kubwa la mililita 60 lisilo na sindano, mrija laini unaoona ndani urefu wa mita mbili hivi, kiungo cha T kinachoingia kwenye huo mrija, chupa yenye alama za mililita, plaisi ya klipu, bisibisi, tambara, tochi (isiwe ya moto, bora niseme tu). Kama una pampu ya mkono ya kupimia ombwe ni nzuri zaidi ila sio lazima.

Ule mrija ndo geji yako. Kata kama mita moja na nusu, upinde umbo la U, ufunge kwenye ubao wima, weka maji mpaka nusu ya kila mkono. Mkono mmoja unaacha wazi, mwingine unaunganisha kwenye T pamoja na bomba la sindano na kitu unachopima. Tofauti ya urefu wa maji kati ya mikono miwili ndo presha: sentimita 10 ni karibu kilopaskali 1, na sentimita 70 ni psi 1. Geji za tairi hazioni kabisa presha ndogo hivi, lakini huu mrija unaona hata nusu sentimita, na haukosei maana hauna springi ya kuchoka.

Kwanza ijue valvu yako ipo wapi

Zipo aina kama nne. Ya kwanza ipo ndani ya mfuniko wenyewe, utaona kitundu kidogo upande wa ndani na njia ya kuzunguka zunguka mpaka nje, mingine ina kigololi ndani kinachocheza ukiutikisa. Ya pili ni valvu ya katikati ya mrija, kidude cha plastiki chenye rangi mbili au mshale, kinakaa kwenye mrija unaotoka juu ya tenki au kwenye mfuniko na kupandishwa karibu na usukani. Ya tatu imechomekwa juu ya tenki kwenye mpira wa kuzibia, hii ndo mara nyingi ya kujifunga chombo kikipinduka. Ya nne ni mfumo wenye kopo la mkaa, yani kopo linalonasa mvuke wa petroli usitoke nje, mrija wa hewa wa tenki unaishia kwenye hilo kopo na kopo lenyewe lina njia yake ya kuvuta hewa nje.

Angalizo kwenye hiyo ya nne: kuna valvu nyingine yenye waya wa umeme kati ya kopo na injini, hiyo inatoa mvuke kwenda kuchomwa. Usiichanganye na ya hewa. Kwa kawaida isipokuwa na umeme inatakiwa ifunge, ukiipa volti 12 ifungue, basi.

Pikipiki zenye mfuniko uliozama kwenye tenki zina kitu cha ziada, chini ya tenki kuna minundu miwili ya kuchomekea mirija, mmoja wa maji ya mvua na mmoja wa hewa. Ukivua tenki ukaunganisha kinyume au ukaacha mrija umebanwa kati ya tenki na fremu, umetengeneza ugonjwa mpya kwa mkono wako. Kama tatizo limeanza baada ya tenki kuvuliwa anzia hapo, acha mengine yote.

Hatua ya 1: macho na vidole

Fuata mrija wa hewa kuanzia tenki mpaka unapoishia, kwa kidole, sio kwa macho tu. Unatafuta palipobanwa na kiti, palipopindwa mpaka pakajikunja, mpasuko, na mpira uliolainika ukawa kama mlenda kwa sababu ya petroli yenye ethanoli. Angalia mwisho wake: tope, mavumbi yaliyoganda, na wadudu. Nyigu wa udongo wanapenda sana mirija midogo ya namna hii, chombo kikikaa bila kutumika wiki chache unakuta amejenga na kuziba kabisa.

Kitu kinachopitwa sana ni mrija ulioning'inia kama bembea. Mafuta kidogo yanaingia humo chombo kikiyumba, yanakaa kwenye bonde la mrija, na hewa ili iingie lazima iyanyanyue hayo mafuta kwanza. Safu ya petroli ya sentimita 15 ni kilopaskali 1.1, ambayo ni nusu ya ile nguvu yote inayoshusha mafuta yako kwenye kabureta. Valvu nzima, mrija mzima, na bado chombo kinazima. Mrija unatakiwa kupanda juu moja kwa moja, ukishuka basi ushuke baada ya kufika sehemu ya juu kabisa, bila bonde katikati.

Hatua ya 2: kipimo cha mfuniko

Washa chombo, kitumie mpaka kianze kukosa nguvu, zima, subiri kidogo sehemu za injini zipoe, halafu fungua mfuniko polepole ukiwa umeufunika kwa tambara. Ukisikia "fsss" ndefu hewa ikiingia, au mbavu za tenki zikirudi nje kwa mlio, tenki lilikuwa limejinyonya. Ukisikia presha ikitoka nje, upande wa kuachia ndo umekwama. Mlio mfupi tu kwenye tenki la moto ni kawaida, valvu nyingi zinashikilia presha kidogo makusudi, usije ukatupa valvu nzima kwa ajili ya hilo.

Ila hiki kipimo kina udhaifu wake. Jua likipiga tenki, mvuke unafidia ule mnyonyo na unaweza usisikie chochote. Kwahiyo kikijibu ndio, umepata, kikijibu hapana bado hujapata kitu.

Hatua ya 3: kipimo cha mtiririko

Hiki ndo nakiamini kuliko vyote kwa vyombo visivyo na pampu, na injini hata haiwashwi. Tenki liwe karibu kujaa (unakumbuka ile hesabu, nafasi ya hewa ikiwa ndogo jibu linakuja haraka). Chomoa mrija wa mafuta kwenye kabureta, uelekeze kwenye chupa yenye alama iliyopo chini, mfuniko umefungwa vizuri, fungua koki. Kama koki yako ni ile inayofunguliwa na mvuto wa injini, iweke kwenye PRI (alama ya koki inayopitisha mafuta bila injini kuwaka), au vuta mrija wake mdogo kwa bomba la sindano.

Angalia mtiririko. Tenki linalopumua litatoa kwa kasi ileile mwanzo mpaka mwisho, lisilopumua litaanza vizuri, litapungua, litakuwa uzi, litakuwa matone. Likifika kwenye matone fungua mfuniko. Mafuta yakirudi kwa kasi hapohapo, hakuna mjadala, njia ya hewa imeziba. Yasiporudi, tatizo lipo kwenye koki, kichujio cha ndani ya tenki au mrija wa mafuta, na valvu ya hewa haina kosa. Toa angalau nusu lita kabla ya kusema imefaulu, na kama tenki ni kubwa na lipo nusu toa lita nzima, maana mililita 100 za mwanzo zitatoka vizuri hata kama valvu imekufa.

Ukijua imeziba, chomoa mrija wa hewa pale juu ya valvu, rudia. Kisha chomoa chini ya valvu, rudia. Pale mtiririko unaporudi ndo umemuona mbaya wako, kati ya mrija wa nje, valvu, na mlango wa tenki.

Hatua ya 4: kupima valvu mezani

Itoe, ila kabla ya kuitoa piga picha au chora alama upande upi unaelekea tenki. Ya kuchomekwa kwenye mpira ivute kwa kuizungusha taratibu, usiichokonoe kwa bisibisi, mpira ukipasuka utavujisha mvuke milele. Na hakikisha hakuna kitu kinachodondokea ndani ya tenki.

Upande wa kuingia hewa: unganisha bomba la sindano na geji ya maji upande wa valvu unaoelekea tenki, vuta polepole sana. Maji yatapanda upande mmoja halafu valvu itafunguka na maji yatasimama au kurudi kidogo. Soma hapo. Namba kamili ipo kwenye kitabu cha chombo chako na hiyo ndo sheria, lakini kama huna kitabu na chombo ni cha mafuta kushuka yenyewe, mimi valvu inayohitaji zaidi ya sentimita 10 za maji kabla ya kufunguka siirudishi. Sababu ni kwamba tenki likibaki na mafuta kidogo, safu yake ni fupi, presha ya kushusha inakuwa ndogo sana na valvu ngumu inaikata.

Upande wa kutoka: sasa sukuma hewa kutoka upande wa tenki kwenda nje. Hapa lazima ujue aina yako. Valvu ya njia moja itazuia kabisa, na hiyo ni sahihi, mradi chombo kina njia nyingine ya kuachia presha. Ya njia mbili itapitisha ila kwa ugumu zaidi kuliko kuingia. Ikipitisha kwa urahisi kwenda nje na kukataa kabisa kwenda ndani, angalia ile picha uliyopiga, kuna uwezekano mkubwa mtu aliifunga kinyume. Tatizo la valvu iliyofungwa kinyume linaisha kwa kuigeuza tu, hela haitoki hata senti.

Ya kujifunga ikipinduka: ishike wima kama inavyokaa kwenye tenki, sukuma hewa polepole, ipite. Ilaze, endelea mpaka uipindue kichwa chini, inatakiwa izuie na maji kwenye geji yabaki yamesimama kwa sekunde kadhaa bila kushuka. Irudishe wima, ifunguke yenyewe bila kugongwa. Ikikwama mpaka uigonge hiyo imeshakufa, hata kama "ukiitikisa inapita". Huko barabarani hakuna mtu wa kuitikisa. Na hapa sababu nyingine ya kukwepa kompresa: upepo mkali unaweza kunyanyua kigololi na kukifunga hata valvu ikiwa wima, unatupa kitu kizima.

Mfuniko wenye valvu ndani unaupima vilevile, tatizo ni namna ya kuunganisha. Chukua kopo au kipande cha bomba ambacho mdomo wake unakaa sawa na gasketi ya mfuniko, ubane kwa mkono, upande wa pili weka mrija wako. Ukivuta na maji yakapanda bila kusimama, mfuniko umeziba. Yasipopanda kabisa hakikisha kwanza hewa haipiti pembeni ya gasketi, paka maji ya sabuni pembeni.

Hatua ya 5: kusafisha au kubadili

Tope na vumbi vinatoka kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni, loweka, sukuma maji na bomba la sindano pande zote, suuza, acha ikauke kabisa kabla ya kurudisha. Dawa ya kusafishia kabureta iache, inavimbisha mpira na kiwambo cha ndani, leo itapita kesho itakwama. Waya pia usiingize, midomo ya mpira ya ndani ni myembamba na ikichanika valvu itakuwa wazi siku zote. Ikiwa na utando wa petroli ya zamani ulioganda kama vanishi, kusafisha ni kujidanganya, nunua nyingine, ya namba ya chombo chako, maana valvu mbili zinafanana sura na zinafunguka kwa presha tofauti kabisa.

Halafu ile tabia ya kutoboa mfuniko kwa msumari. Chombo kitatembea, ndio, ndo maana watu wanaipenda. Lakini maji ya kuoshea na vumbi vinaingia kwenye tenki, mafuta yanaruka nje ukipita mashimo, na siku chombo kikilala ubavu petroli inamwagikia silensa ya moto. Kwenye mfumo wa kopo la mkaa umeua mfumo wote. Usifanye hata kama ni "kwa muda tu", hakuna anayerudi kuziba.

Hatua ya 6: kurudisha

Mshale au upande wa tenki uwe ulivyokuwa, mrija mpya uwe wa mafuta kweli, wa maji utayeyuka. Mwisho wa mrija ukate mshazari ili usiweze kuzibwa bapa na kitu, na uweke sehemu ya juu ambapo maji ya presha ya kuoshea hayaufikii moja kwa moja. Rudia kipimo cha mtiririko na mfuniko umefungwa. Rudisha betri, washa, angalia kama kuna unyevu au harufu kwenye kila klipu, halafu kitumie muda mrefu kuliko ule kilichokuwa kinazimia, tenki likiwa karibu full.

Kwa wenye kopo la mkaa, acha kujaza mpaka shingoni. Mafuta yakiingia kwenye kopo mkaa unalowa, hewa haipiti, na utarudi kwenye dalili zilezile na valvu mpya. Kopo likiwa zito na ukilitikisa linalia maji ndani, badili, halikaushwi juani.

Vipimo vyote vikipita na chombo bado kinazima kikipata moto, achana na tenki, sasa ndo uangalie koili na plagi: kikizima tu, kabla hakijapoa, chomoa plagi uitazame. Ikiwa kavu mafuta hayafiki, rudi kwenye koki na kichujio. Ikiwa imelowa na ina harufu, mafuta yapo, moto haupo.